Siku Niliyosema Tumejaa

Mwanangu Aika,

Funguo tisa zilikuwa zinaning'inia nyuma ya mgongo wangu siku nilipomwambia baba yako kwamba tumejaa.

Sijawahi kumwambia mtu. Si Bibi, si Dada Mwajuma anayefua mashuka ya nyumba hii na kujua siri za kila shuka, wala padri. Nimeanza na hilo kwa sababu ninajijua. Nikianza na salamu nitazunguka, nitakuuliza kama umeweka soksi, karatasi itaisha na jambo lenyewe litabaki mdomoni.

Salamu basi ni hizi: huku hatujambo sote, na wewe pia uko huku huku, juu ya kichwa changu, unaburuta begi sakafuni kujaribu kama magurudumu yatafika Songea. Barua hii haina safari ndefu. Ngazi kumi na nne tu. Lakini maneno yangu hayajawahi kuzipanda zote.

Ninaandika hapa mapokezi, saa kumi na moja jioni, karatasi iko juu ya kitabu cha wageni. Nikisikia mtu naifunika kwa jalada. Nimeshaifunika mara tatu. Kwanza alikuwa Mwajuma, anatafuta sabuni. Kisha mgeni wa namba nne, kuuliza maji ya moto. Mara ya tatu alikuwa Bibi, ambaye kandambili zake hutangulia dakika nzima kabla yake, na bado nilitoka jasho.

Nilianza kuiandika kwa Kiingereza. Usicheke. Kiingereza hakijawahi kulala nyumba hii. Nilikikuta shuleni na nikakiacha shuleni. Hakimjui Bibi, hakikumjua mama yako. Nikadhani nikikiri ndani yake hakutauma. Na kweli hakukuuma. Nilisoma ukurasa mzima nikaona ni kama jibu la mtihani: msichana fulani alikosea, akajuta, mwisho. Nikauchana. Nilichosema siku ile nilikisema kwa Kiswahili.

Ninakuita mwanangu. Wauza mitumba wa Kariakoo wakituona pamoja wanadhani ni mtu na mdogo wake, na sijawahi kuwasahihisha kwa sababu kuwasahihisha ni kuongea. Mama yako, dada yangu Upendo, alipofariki wewe ulikuwa na miaka mitatu na mimi tisa. Watu wa msiba walipoondoka, Bibi alinikalisha jikoni akakuweka mapajani pangu. Ulikuwa umelala, mzito, kichwa kinatoka jasho. Akaniambia, "Wewe ndiye mama yake mdogo. Huo udogo ni wa umri tu." Nililichukua neno lile kama mtu aliyepewa funguo za nyumba nzima. Nilikuchana nywele vibaya mpaka nikajua. Nilikufundisha kusoma kwa kitabu hiki hiki cha wageni, ndiyo maana maneno yako ya kwanza kuyasoma hayakuwa baba wala paka. Yalikuwa Kigoma, Tunduru, Mpanda, na "mfanyabiashara".

Mambo ya neti, ya kutokula kitu cha mtu kwenye basi, ya kuficha simu, nayaruka. Bibi ameshakuambia, na atakuambia tena kesho mpaka dirisha la basi lisogee.

Mimi nina habari ya nyumba hii. Wewe umekulia gesti, kwa hiyo hujui kuwa ni kitu. Unadhani kila nyumba ina duka la spea chini, vyumba tisa ghorofani na wenyewe juu yake, na kila mahali basi la mwendokasi likipita vikombe vinagongana kabatini. Unadhani ni kawaida kumkuta asubuhi mtu usiyemjua anapiga mswaki kibarazani kwenu akakuuliza, "Mambo, mwenye nyumba?" nawe ukamjibu "Poa" huku unatafuta kiatu. Si kawaida. Nilipokuwa na umri wako niliona aibu sana kwa sababu ya nyumba hii. Wenzangu shuleni waliposema gesti walikuwa wanacheka kicheko fulani, na mimi nilisema tunakaa kwenye nyumba ya kupanga. Nilitamani ukuta na geti.

Unamkumbuka Mzee wa Mawese wa Kigoma, yule anayetuletea dumu kila akija. Mwaka juzi mwanawe alimlipia hoteli ile ndefu ya Mchafukoge, eti mzee asiendelee kulala kwa watu wa spea. Kesho yake asubuhi tukamwona anapanda ngazi zetu na mkoba wake.

"Vipi tena, Mzee?" Bibi akamuuliza. "Si kule kuna lifti?"

"Lifti ipo. Na inaongea. Lakini nimeamka nakohoa, hakuna hata mtu mmoja wa kuniambia pole."

"Kwa hiyo umefuata pole."

"Nimefuata pole na chapati. Na chumba changu, kama hujampa mtu wa miguu michafu."

"Nilimpa. Nimemfukuza nilipokusikia unakohoa kule chini."

Hakukuwa na mtu chumbani, wala Bibi hakufukuza mtu. Mzee alijua. Alicheka mpaka akakohoa tena, na Bibi akamwambia pole, na mzee akasema, "Umeona?"

Hiyo ndiyo nyumba yetu. Anayekoroma tunampa namba tisa, mwisho kabisa, karibu na tanki. Mwalimu wa Tunduru anayekuja kutibiwa macho tunampa namba moja kwa sababu ni hatua tano tu kutoka kwenye ngazi, naye ameshazihesabu. Bibi hajaandika hayo popote. Yako kichwani mwake, na mengine yako kichwani mwako bila wewe kujua.

Na kuna kanuni moja ambayo tangu nizaliwe sijaona Bibi akiivunja. Mgeni haambiwi tumejaa akiwa amesimama. Hata kama vyumba vyote vina watu, hata kama amekuja na kelele, anavutiwa kiti, anapewa maji, anakunywa, ndipo anaambiwa. Halafu Bibi anapiga simu kwa wenzake mmoja mmoja mpaka apatikane wa kumpokea. "Neno chungu lisimkute mtu na koo kavu," ndivyo anavyosema. Kanuni hiyo naijua kuliko Baba Yetu.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe. Wamepita watu wawili kwenye ngazi na nimeifunika karatasi mara mbili tena. Naona mkono wangu unatafuta visingizio.

Ilikuwa wiki ile ya kati ya Krismasi na mwaka mpya. Unaijua wiki hiyo. Sisi watu wa Moshi tunahama mji, maduka yanafungwa, na Kariakoo unaweza kuvuka barabara umefumba macho. Wageni wetu nao walikuwa makwao mikoani. Bibi na wajomba walishaondoka. Wewe ulikuwa na tetekuwanga, umepakwa dawa ya pinki mwili mzima, hukuweza kusafiri, nami nikabaki na wewe. Ulikuwa na miaka kumi, mimi kumi na sita. Siku hiyo Mwajuma alikuwa amevuka kwa kivuko cha Magogoni kwenda kumwona mama yake Kigamboni. Nyumba nzima ilikuwa mimi hapa chini na wewe juu, unajikuna na kuniita.

Baba yako alikuwa hajaja kwa miaka miwili. Kabla ya hapo alikuja mara mbili kwa mwaka kuchukua spea za pikipiki hapa mtaani Gerezani, na alilala namba sita siku zote, hata siku ambazo namba mbili yenye feni nzuri ilikuwa wazi. Humo ndimo alimokuwa amelala alipomwona mama yako kwa mara ya kwanza, anaanika mashuka. Ukijua anakuja unakaa ngazini tangu asubuhi. Ulifunga uzi mwekundu kwenye ufunguo wa sita ili asipewe mtu mwingine. Halafu lori alilopanda na mzigo wake likapinduka, mguu ukavunjika mara mbili, duka likafungwa. Alipiga simu mara nyingi mwanzoni, baadaye kidogo. Nadhani aliona haya. Mwanaume aliyekuwa anakubeba mabegani ataanzaje kuja na mkongojo.

Na wewe kila jioni ulikuwa unauliza, "Leo namba sita ina mtu?" Hata wiki ile ya tetekuwanga, na homa, uliniuliza mara mbili. Hilo liweke moyoni, kwa sababu nitalirudia.

Aliingia kama saa nane mchana. Nilisikia hatua kwenye ngazi, moja nzito moja nyepesi, nikadhani ni watu wawili. Alikuwa amekonda, ana mkoba mmoja na mfuko wa nailoni kwapani. Ilinipasa nisimame, nimwamkie. Alinitangulia yeye.

"Ndeshi. Umekuwa mkubwa. Hujambo?"

"Shikamoo."

"Marahaba, mama. Bibi yupo?"

"Ameenda Moshi."

"Na Aika?"

Siku tatu kabla ya hapo nilikuwa nimemsikia Bibi anaongea na mjomba jikoni. Alisema, "Baba yake anataka kumchukua akakae naye. Ni haki yake, siwezi kumkatalia." Hawakujua kama nasikia. Mtu mkimya watu husahau kwamba ana masikio. Tangu hapo nilikuwa sili vizuri. Wewe ulikuwa ndicho kitu pekee nilichowahi kukifanya vizuri, Aika. Shuleni nilikuwa mtu wa nyuma, kanisani mtu wa nyuma, hapa mapokezi najificha nyuma ya kitabu. Kwako tu ndipo nilikuwa mtu wa mbele. Nikamwangalia baba yako nikaona mtu aliyekuja kunibeba mimi mwenyewe mkobani.

"Wameenda wote," nikasema.

"Moshi?"

"Moshi."

Wakati huo huo kitanda chako kikalia juu yetu. Unakijua kile kitanda. Baba yako akainua macho kwenye dari, akayashusha taratibu.

"Basi nipe namba sita," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Niko mjini wiki nzima, naangaliwa mguu. Nitawasubiri."

"Tumejaa."

Akatazama nyuma yangu. Pale ukutani, misumari tisa, funguo tisa, na wa sita una uzi wako mwekundu. Yule ni mtu wa spea, anaweza kutazama kisanduku cha nati akajua ngapi zimepungua. Alizihesabu. Nilimwona anazihesabu. Nilisubiri aseme, "Mbona?" Hakusema.

"Sawa, mwanangu," ndivyo alivyoniambia.

Alikuwa ameegemea kaunta kupumzisha mguu. Kiti kilikuwa pale, hiki hiki kilichopo mbele yangu sasa. Sikukivuta. Jagi la maji lilikuwa hapa. Sikulishika.

Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama anayeuliza kitu cha aibu, "Huwa ananitaja?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Alishasahau."

Ndiyo hivyo. Kuhusu chumba ningeweza kusema niliogopa. Lakini lile la pili hakuna aliyenisukuma. Alisikia kitanda, akajua upo, na mimi nikamfanya aamini kwamba upo na humtaki.

Akatoa kitu kwenye mfuko wa nailoni. "Kule kwetu Mbamba Bay mvua haina adabu," akasema. "Nilitaka alijaribu kama linamtosha. Nimekadiria tu." Akaweka kiganja kifuani pake kunionyesha kimo alichokukadiria. Miaka miwili hajakuona, na alipatia. "Utampa?"

"Nitampa."

Lilikuwa koti la mvua la njano.

Najua sasa umesimama, au umekaa, sijui. Lile koti, mwanangu. Nilijua nikikupa utauliza nani kalileta. Kwa hiyo nililiweka kwenye sanduku la vitu vilivyosahauliwa na wageni, chini ya kofia ya yule dereva wa Mpanda na chaja zile zote. Kanuni ya Bibi unaijua: kitu kinamsubiri mwenyewe mwaka mmoja, mwaka ukiisha anapewa anayekihitaji. Mwaka ulipoisha ulifungua sanduku ukalichomoa, ukaniuliza kwa macho. Nikasema, "Kuna mgeni alilisahau." Ukalivaa, ukanyoosha mikono, ukasema, "Mamdogo, linanitosha kama nimepimwa." Nilitoka nje. Ulidhani naenda kuanua nguo.

Masika mbili umelivaa. Ulikuwa unamwombea mwenyewe, tukisali, "Na yule mgeni wa koti, Mungu amzidishie kusahau." Bibi alikuwa anacheka katikati ya sala. Nami nilikuwa naitikia amina.

Basi ndivyo ikawa. Baba yako anampigia Bibi kila sikukuu, anauliza, "Mtoto mzima?" Bibi anasema mzima. Hajawahi kuomba aongee na wewe, kwa sababu mimi nilimwambia umeshasahau, na yule si mtu wa kujilazimisha mlangoni kwa mtu. Wewe uko pembeni, unasikia simu inakatwa, unaona hakukuomba. Mwishoni ukaacha kuuliza kuhusu namba sita. Uzi ukakatika ukauacha. Nililiona hilo likitokea siku kwa siku, kama mtu anayetazama maji yakivuja kutoka kwenye bomba alilolilegeza mwenyewe, na nikanyamaza.

Na kingine. Miaka mitatu anaongea na Bibi kwenye simu na hajawahi kunisema. Bibi anajua tu kwamba alighairi kukuchukua, mpaka mwaka huu ulipopangiwa shule kule kwake. Aliziona zile funguo, akanifichia.

Nilianza kulielewa jambo hili mwaka jana, nilipokwenda Iringa kwenye usahili wa chuo. Hukujua kilichotokea kule kwa sababu nilirudi nikasema tu kulikuwa na baridi. Nilikuwa nimepanga kulala mahali pa kisasa karibu na stendi, penye kioo mbele na kijana aliyenipa kadi badala ya ufunguo bila kuninyanyulia uso. Nilifurahi. Nikasema hapa ndipo pa mtu kama mimi, hakuna wa kuniuliza kitu. Nikapata homa. Siku nzima nilikuwa kitandani, nasikia watu wanapita kwenye korido, magurudumu ya mabegi, na hakuna aliyegonga. Walipogonga, walitaka kujua kama naondoka au naendelea.

Nikatoka na begi langu, natetemeka, nikapanda kilima nikaona nyumba ina kibao kidogo na mlangoni kuna ndala za watoto, kubwa na ndogo, zimemwagika ovyo. Ndani kitunguu kinakaangwa. Mama mwenye nyumba akatoka na mwiko mkononi.

"Shikamoo mama. Kuna chumba?"

"Marahaba. Hakuna, mwanangu, tumejaa, kuna watu wa harusi. Lakini mbona umesimama? Kaa kwanza."

Akavuta kiti. Akaniletea maji, na kwa kuwa kule ni baridi alikuwa ameyapasha. Nikanywa. Nikaanza kulia, na siwezi kulia mbele za watu, unanijua. Akadhani ni baridi, akanifunika blanketi, akamwita binti yake: "Sogea ulale na mdogo wako, huyu tumpe kitanda chako." Nililala siku mbili kwenye kitanda cha mtoto wa darasa la nne, chini ya bango la jedwali la kuzidisha. Kila alipopita aliweka kiganja kwenye paji langu. Hakuniuliza ninalia nini.

Mama yule alikuwa amejaa kweli, Aika. Mimi nilikuwa na funguo tisa.

Nilirudi Dar nikiwa nimeapa kukuambia. Ulinipokea ngazini umevaa koti, mvua yenyewe haipo. Nikasema kulikuwa na baridi.

Na pengine ningenyamaza hata leo. Lakini wiki mbili zilizopita Mama Komba, huyu mgeni wetu wa Songea utakayesafiri naye kesho, alikuwa anakula chapati hapo kibarazani, akakuuliza kama una hamu ya kumwona baba yako. Nilikuwa hapa hapa nyuma ya kitabu.

"Naenda shule," ukamwambia. "Yeye nitamwita Mzee Ndunguru."

Mama Komba akacheka. "Mtoto wa Bongo wewe, kule ukiita Mzee Ndunguru wataitika kumi na wawili, na mbuzi mmoja."

"Basi huyo wa kwanza kuitika ndiye."

"Na yeye akikuita mwanangu?"

"Tangu aumie hajawahi kuja kuniangalia. Mtu akikutaka si anakuja?"

Mama Komba akairudisha chapati sahanini. Nilikwenda kusimama kule kwenye tanki mpaka maji yakafurika.

Alikuja, mwanangu. Alipanda ngazi hizi kwa mguu mbovu. Alikuja na koti la kimo chako.

Keshokutwa asubuhi utaamka Songea, mtakuwa mmelala kwenye nyumba anayoijua Mama Komba, na jioni utafika Mbamba Bay. Kama kuna kitu nimejifunza cha kukupa kwa safari hii na nyingine zote utakazosafiri maishani, ni kidogo tu. Lala kwenye nyumba ambayo mwenyewe analala humo. Utaijua kwa ndala mlangoni, kwa daftari la mtoto juu ya kaunta, kwa mtu anayekukasirikia kidogo kwa sababu hukula. Shuka zinaweza kuwa na kiraka, na maji ya moto yakaja kwa ndoo. Kaa kibarazani hata kama una haya. Mimi niliamini haya ni kitu kidogo, tabia tu, kinamhusu mwenye nayo peke yake. Sivyo. Mtu asiyesema anapopaswa kusema anawafungia wengine mlango, na wao hawajui hata nani ameushika.

Kwa baba yako wewe si mgeni, ila siku za kwanza utajiona mgeni, na mke aliyemwoa baada ya mama yako atakuwa na wasiwasi kuliko wewe. Mpe jina lolote litakalokuja. Sikuombi umwite baba kwa sababu ya barua. Ninachoomba ni usimnyime jina hilo kwa kosa ambalo ni langu.

Na usinifichie. Yeye ameshanifichia vya kutosha. Mwambie, "Ndeshi amesema zilikuwa funguo tisa." Ataelewa, alizihesabu. Mwambie na kile nilichokuomba ukiweke moyoni, kwamba ulikuwa unauliza kila jioni kama namba sita ina mtu. Hilo halijui. Limekaa hapa miaka mitatu kama mzigo wa mtu aliyeshuka kituo kingine.

Ulisema koti utaliacha kwa kuwa mikono imekuwa mifupi. Lichukue. Livae siku ya kushuka hata kama jua linawaka. Atatazama mikono ilipoishia, na ataona mwenyewe umekua kiasi gani.

Bibi nitamwambia kesho basi likishaondoka. Hapana. Nitamwambia leo, baada ya chakula, ukiwepo, ili usiubebe mzigo huu peke yako mpaka Songea. Nikianza kusema habari za soksi, nikanyage mguu chini ya meza.

Unaweza kunikasirikia. Unaweza usiongee na mimi stendi kesho. Nimeliwaza hilo jioni nzima, na ni afadhali uondoke umenikasirikia mimi niliye kweli kuliko unikumbatie kwa kutojua. Nilikupenda vibaya siku ile. Siku nyingine nadhani nilikupenda vizuri, lakini hilo utalipima wewe, ukiwa mbali, na muda unao.

Umeanza kushuka. Hushuki kama watu: ngazi mbili mbili, na ya mwisho unairuka. Mkono wangu umeshika jalada la kitabu cha wageni, kwa mazoea. Nimeliachia. Kitabu nimekisukuma pembeni na karatasi iko wazi juu ya kaunta, upande wako. Nimevuta kiti. Nimemimina maji.

Kaa kwanza, Aika. Kunywa, halafu usome.